Siku Ambayo Nyaboke Hakuisimulia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mimi na Nyaboke tukiteremka kutoka kijijini kwetu Sironga, viatu mkononi ili tope lisiviharibu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na sasa hospitali fulani ya misheni ilikuwa inatafuta wasichana wa kufunzwa uuguzi. Nafasi zilikuwa chache. Nikiikosa, ningerudi kuchuma pareto ya baba hadi aje mtu wa kuniposa. Nyaboke naye hali yake ilikuwa hiyo hiyo.

Njia nzima tulifanya mazoezi. Ananiuliza, najibu, kisha tunabadilishana. Tulikuwa tumekariri majibu mazuri: mimi ni mvumilivu, mimi ni mwaminifu, napenda kuwahudumia wagonjwa. Nyaboke aliyasema vizuri kunishinda, kisha akacheka mpaka akainama. Nikikuambia kwamba hata leo natamani kukisikia kicheko kile katika mteremko ule, usidhani natia chumvi.

Tulipofika hospitalini, yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Hakukawia kutoka, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Matroni huyo ana maswali ya ajabu," akaninong'oneza. "Anataka mambo ya nyumbani. Mimi nimemjibu yale yetu tu."

Nikaingia. Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa mama wa Kitaita, mnene, wa sauti ya chini, miwani imemshuka puani. Hakugusa habari za mitihani yangu. "Binti," akasema, "nieleze siku moja ambayo ulitaka kumsaidia mtu naye akakataa. Ulifanya nini?"

"Mimi ni mvumilivu sana," nikaanza.

"Sikukuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Nimekuuliza ulifanya nini."

Maneno yote tuliyokariri yalinitoka, na aliyebaki kichwani ni nyanya yangu peke yake. Basi nikamweleza habari zake. Nyanya alikuwa amepooza upande mmoja, akakataa kula. Mama alimbembeleza, shangazi zangu wakamgombeza, naye akafumba mdomo. Siku moja nikaona kwamba kila mtu akipita mlangoni, nyanya anageuza uso. Uji ulikuwa unamtiririka kidevuni, na alikuwa anaona haya. Nikaufunga mlango, nikageuza kiti chake kielekee ukutani, nikaketi karibu naye na bakuli langu mwenyewe, tukanywa uji pamoja bila kusema neno. Alikunywa. Si kila siku. Zipo siku alizokataa kabisa, nikamwacha apumzike. Lakini mpaka alipofariki, mimi ndiye niliyemlisha.

Hapo nikafuta machozi kwa kiganja. Nyanya alikuwa hajamaliza mwaka kaburini, na sikuwa nimemlilia mbele ya mtu yeyote.

Matroni alivua miwani. "Nani alikufundisha kugeuza kiti?"

"Hakuna. Nilimtazama tu."

"Kila msichana anayeketi hapo huniambia ni mvumilivu," akasema taratibu, "na huenda anaamini hivyo. Lakini mgonjwa akikutemea dawa, hutapata nafasi ya kukumbuka ulichokariri. Utafanya vile ulivyozoea kufanya. Ndiyo maana nauliza yaliyopita."

Tukiwa njiani kurudi nikamsimulia Nyaboke yote. Akasimama katikati ya barabara.

"Si ungemweleza habari za Onchiri?" nikamuuliza. Onchiri alikuwa mdogo wake. Malaria ilimpanda kichwani siku ambayo mto ulikuwa umefurika, na wazee wakasema wangoje maji yapungue. Nyaboke alimfunga mgongoni, akawasihi wanaume wa ng'ambo wamrushie kamba, akavuka. Kule zahanati aliambiwa arudi kesho. Akaketi mlangoni, akakataa kuondoka mpaka mtoto alipochomwa sindano. Onchiri akapona.

Nyaboke alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Hiyo nayo ni kazi?" akasema. "Hayo si mambo ya nyumbani tu?"

Mimi nilichukuliwa, yeye hakuchukuliwa. Aliolewa upande wa Nyacheki. Mara mojamoja tulikutana sokoni Ogembo, tukashikana mikono, yeye na mtoto mgongoni, mimi na sare yangu, na kila tulipokutana maneno yalizidi kupungua. Kisha akahama na mume wake. Wengine wanasema wako Tanzania. Miaka yangu yote wodini, kila alipoletwa mgonjwa mgumu, nilitamani Nyaboke awe upande wa pili wa kitanda. Angekuwa muuguzi bora kunipita mimi. Bado nina hamu ya kumwona, mwanangu, na sijui nimtafute wapi.

Kwa hiyo ninapowasikia vijana mkilalamika kwamba mwajiri aliacha vyeti vyenu akauliza habari za siku mliyokosana na mwenzenu, au siku kazi ilipowashinda, mimi huwaza barabara ile. Mwajiri hakuchokozi. Hajawahi kuishi nawe, na hiyo ndiyo njia aliyo nayo ya kukuona ukiwa kazini kabla hajakupa kazi. Usimpelekee sifa zako. Mpelekee siku moja ya kweli: palikuwa na shida gani, wewe mwenyewe ulifanya nini, mambo yakaishaje. Ikiwa hayakuisha vizuri, sema, na useme ulijifunza nini. Wala usiidharau siku hiyo kwa sababu ilitokea jikoni, shambani au kwenye kwaya ya kanisa. Ulichomfanyia mtu wa nyumbani kwenu ni kazi.

Nenda basi kwenye mahojiano yako ya kazi, mwanangu. Mungu akufungulie mlango huo, akupe ulimi mwepesi mbele ya wageni, na uliotoka nao asubuhi akurudishe nao jioni.