Neno la Kwanza Kitabuni

Nitakayowasimulia hamtayaamini, na siwalaumu; hata mke wangu, aliyeniamini mpaka akakubali kuolewa nami, haya hakuyaamini. Lakini nilikuwepo. Nilikaa nyuma ya darasa na chupa zangu za maji ya moto, na katika mji wetu mzima huu wa ukingoni mwa Mto Wei hakuna jicho kali kuliko langu.

Mimi ndiye Geng, mchochea boila wa shule ya kiwanda cha nyuzi. Bila mimi hakuna chai wala joto, na mkuu wa shule angekuwa barafu tangu zamani. Shule nilisoma hadi pale iliponishinda, si mbali sana, ila Kiingereza nakijua. Nakijua neno moja, tena barabara: abandon. Msinicheke, maana mji wote unajua hilo hilo. Ndilo linalofungua kitabu cha msamiati anachokinunua kila anayeapa kwamba mwaka huu lazima ajifunze Kiingereza. Ingia nyumba yoyote ukifunue: ukurasa wa kwanza mweusi kwa vidole, zilizobaki nyeupe pepepe. Maana imeandikwa hapo hapo kando: kuacha, kutelekeza. Tuliisoma, tukaitii. Changu kimewekwa chini ya mguu wa meza isiyumbe.

Aliyevuka ukurasa ule ni mtu mmoja tu, Miao Guizhi. Alikuwa msokota nyuzi, akisoma katikati ya kelele za mashine huku midomo ikimchezacheza, mpaka wakamtoa kiwandani wakamleta shuleni awe mwalimu wa muda. Kisha kiwanda kikafungwa. Mumewe, Lu Changshun, akaenda kusini kutafuta kazi. Alipiga simu mara moja, kwenye duka la jirani, majani yalipoanza kupukutika. Baada ya hapo simu ile ikawa inalia kwa ajili ya watu wengine.

Guizhi hakulia. Alikula mkate wa mvuke kama mtu anayetia makaa kwenye tanuri, kwa kuwa ni saa yake. Mimi, ambaye nimewahi kumchekesha mfiwa, nilimtania kila asubuhi alipokuja kuchota maji, ikawa kama kuutania ukuta.

Sasa shule yetu ikawa inaunganishwa na ya wilaya. Walimu wenye ajira wangehamia huko, wa muda wangerudi nyumbani. Na Guizhi nyumba yenyewe ilikuwa ya kiwanda, asiye na ajira atoke. Ilikuwapo nafasi moja ya Kiingereza. Kuipata ilimbidi afundishe somo la maonyesho mbele ya wakaguzi wa wilaya.

Somo la maonyesho kwetu hupikwa likaiva kabla wageni hawajafika. Mkuu Xing alichagua neno mwenyewe, na mnaweza kukisia alichagua lipi, maana naye kitabu chake kilikuwa na ukurasa mweusi mmoja. Watoto wakakaririshwa sentensi ya mabaharia wanaoitelekeza meli, watoto ambao maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya mto wetu, na nusu yake ni tope. Halafu akawafundisha mikono. Swali likiulizwa, wote wanyoshe: anayejua jibu anyoshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Wageni wataona msitu wa mikono, na mwalimu ataita wa kulia tu.

Guizhi alifanya mazoezi kwenye chumba cha boila, mimi nikiwa mwanafunzi. Nikamwambia bila mimi asingefika popote.

"Ukifaulu, Mwalimu Miao, utanipikia tambi za nyama?"

"Nitapika."

"Na usipofaulu?"

"Nitapika."

Ukuta, nawaambia.

Siku ikafika. Wakaguzi wakakaa nyuma na vikombe vyao, nami nikawamiminia. Somo likaenda kama maji mferejini, mabaharia wakaitelekeza meli yao mara kadhaa. Kisha Guizhi akataka sentensi nyingine, mikono yote ikapanda, akamwita Qiaoyun, binti wa msokota nyuzi jirani yangu.

Qiaoyun alikuwa amenyosha wa kushoto.

Akasimama. Akautazama mkono wake kana kwamba umemsaliti. Mkuu Xing akakohoa. Mwalimu yeyote mwenye akili angesema kaa, angeita mwingine. Guizhi alisimama tu, sura ile ile ya siku zote, halafu akaanza kuuliza mambo ambayo hayakupikwa.

"Ukisahau mwavuli kwenye basi, utatumia neno hili?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Basi utalitumia kwa kitu gani?"

Qiaoyun akafikiri. "Yule mbwa wa geti la kiwanda."

"Walimsahau?"

"Hapana. Mlinzi alimtazama. Ndipo akafunga geti, akaondoka."

"Hapo sawa," akasema Guizhi. "Anajua unamhitaji, na anakuacha. Hapo neno linakaa."

Nilisahau kumimina. Watoto wakaanza kusema bila kunyosha mkono wowote. Mmoja akataja mashine zilizobaki na nyuzi ndani yake. Mwingine akataja bibi yake wa kijijini, kisha akajirudi, akasema hapana, bibi hupelekewa unga.

Qiaoyun alikuwa bado wima. Akauliza, "Na mtu aliyekwenda kusini kutafuta kazi, Mwalimu?"

"Kama atarudi, hapana. Huyo amesafiri."

"Sasa tutajuaje kama atarudi?"

Mtaa mzima ulijua habari za simu ya dukani. Mtoto yule peke yake ndiye aliyekuwa haiwazi. Baba yake mwenyewe alikuwa kusini. Guizhi akageuka, akachukua kifutio, akafuta sehemu ya ubao iliyokuwa haijaandikwa kitu. Akakirudisha kifutio mahali pake.

"Sijui," akasema. "Kaa, Qiaoyun."

Mwalimu kusema hajui, mbele ya wakaguzi. Mkuu Xing alibadilika rangi kama mkaa unaozimika. Kengele ikalia, Guizhi akakusanya chaki zake, akapita mbele yangu akaniuliza kama maji bado ya moto.

Baadaye orodha ikabandikwa getini, na jina lake limo. Alilisoma kama anayesoma tangazo la hali ya hewa. Nyumba ikabaki yake. Jioni akapika tambi, nyama ya kutosha, nami nikala bakuli mbili huku yeye akitazama dirishani kuelekea dukani.

Watu huniuliza aliipataje nafasi baada ya kusema hajui. Hapo ndipo hawaniamini. Na leo ninavyoandika amerudi kutoka shule ya wilaya, amekuja kuchota maji kwangu kama zamani, amesimama nyuma yangu na chupa yake, asome tu, simwogopi. Ni hivi: mkaguzi mkuu alisimama katikati ya darasa, akalia, machozi yakamdondokea kwenye kikombe nilichommiminia kwa mkono wangu huu, akasema mbele ya watu wote kwamba katika mkoa mzima hajapata kuona mwalimu wala mchochea boila ambaye—

"Alikuwa na mafua, Mzee Geng. Na aliuliza choo kiko wapi."