Chumvi ya Majivu

Baba alipovimba miguu hadi viatu vya kazini vikamkataa, daktari alisema ni figo. Akataja vya kupunguza: chumvi, makayabu, dagaa wakavu, maharage. Nusura nicheke. Mishahara ya kiwandani ilikuwa haiji tena, unga wa mgao ulikuwa umekatwa, na mji mzima wa Likasi uliishi kwa hayo hayo makayabu, samaki wa chumvi ambaye kipande chake kimoja kinakoleza sufuria nzima. Sasa tumpunguzie nini, mdomo?

Mama hakubishana. Alipiga moyo konde, makayabu akayafukuza jikoni, kopo la chumvi, munyu kama alivyoiita, akampa jirani. Kisha akarudia alichofundishwa na bibi yake. Alichoma vigunzi vya mahindi na maganda ya maharage, majivu akayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji. Yaliyochuruzika, ya rangi ya chai, ndiyo aliyopikia sombe. Majani yale ya muhogo yalilainika, yakawa matamu. Baba alikula akamaliza. Miguu ikapungua kidogo, nasi tukaanza kuzungumzia siku atakayorudi kazini, kana kwamba kazi yenyewe ilikuwapo.

Lakini nguvu zikamwisha. Hata kikombe kilimshinda kuinua, na moyo ulikuwa ukimdunda ovyo. Tulimpakia kwenye baiskeli, tukamsukuma hadi hospitali. Daktari akauliza anakula nini.

"Dokta, munyu niliacha kabisa," mama alisema, tena kwa fahari. "Minye namupikia na ile ya majivu, ya bankambo betu, babibi ba zamani. Haina mubaya."

Daktari akaeleza taratibu kwamba ya majivu ni chumvi ya namna nyingine, na figo mbovu haziwezi kuitoa; inajaa mwilini mpaka moyo unashindwa. Hata sombe yenyewe inayo nyingi. Mashine ya kusafisha damu haikuwapo, dawa hakuwa nayo. Nilimchukia mtu yule. Kwa nini hakuuliza tangu mwanzo? Sisi tungejuaje?

Baba alifia nyumbani wiki hiyo hiyo. Hakumlaumu mama hata kwa neno moja, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kwenye matanga wanawake wa mtaa walipika mboga uani. Mmoja akamletea mama mwiko, aonje kama chumvi imetosha. Mama aliutazama, akageuza uso.

"Onja weye," alisema. "Minye sijue tena."