Kibonyo cha Kiwiko cha Mama

Mamdogo anatengeneza mikoba ya ngozi iliyoharibika, hapahapa nyumbani, juu ya meza ileile tunayowekea chakula. Ukija kwetu utaikuta ukutani, kila mmoja na msumari wake, imejazwa matambara ili irudie umbo lake. Imeshiba kuliko sisi. Mteja akianza kueleza ubovu wa mkoba wake, mamdogo anamkatiza: "Ngoja kwanza niushike." Akiushika tu anajua mwenye mkoba anaubebaje. Huyu anaukumbatia kwapani, yule anauburuza kama mbuzi wa kuuzwa.

Mkoba mmoja tu alikuwa haugusi. Wa mama yangu, yaani dada yake. Ulikaa peke yake karibu na dirisha, mweusi, na ubavuni una kibonyo. Hapo ndipo mama alipokuwa akibana kiwiko miaka yote mpaka ngozi ikakariri. Mama kafa, kibonyo kipo. Mchana bati la paa likipata moto ule mkoba unalia kwiii, kama mtu anajigeuza kitandani. Mimi siogopi mtu, waulize mtaani. Lakini ukilia nikiwa peke yangu ndani, natoka.

Juzi nikaona umepasuka chini ya kishikio. Nikawaka.

"Mamdogo! Mikoba ya watu unaipaka mafuta, wa dada yako unauacha uwe gome?"

"Nikiupaka utalainika," akasema, sindano mdomoni. "Ukilainika, kibonyo kinatoka. Utabaki mkoba tu, kama hii mingine."

"Usipoupaka si utakatika vipande? Basi kauzike na wenyewe, tujue moja!"

Akatoa sindano mdomoni. "Punguza sauti, we mtoto. Mdomo huo umeurithi kwake."

Nikabamiza mlango, nikaenda zangu kijiweni. Hata huko nikagombana na kinyozi, bila sababu ya maana.

Niliporudi, mafuta ya ngozi yananuka nyumba nzima. Kitini hakuna mtu. Karibu na dirisha, msumari mtupu. Nikachungulia uani.

Mama alikuwa anatembea.

Mgongo uleule, bega la kushoto limeshuka, gauni lake la maua, kiwiko kimebana mkoba ubavuni. Anapita polepole katikati ya kamba za nguo, anafika ukutani, anazunguka.

"Mama," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

Hakugeuka. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mamdogo. "Ngozi ikiwa laini inashika unachoipa. Nimeipa mkono. Mimi na mama yako tulikuwa tunaazimana bangili, mikono yetu ilikuwa saizi moja."

"Na gauni lake je?"

"Mafuta haya hayatoki. Ulitaka nichafue langu?"

Siku nyingine ningecheka. "Hebu ushushe basi, nione kama kibonyo kipo."

"Bado haujakauka."

"Na ukikauka ukakuta ni kiwiko chako?"

Akasimama kidogo, akaanza tena kutembea. Jirani yetu muuza mkaa akainua kichwa juu ya ukuta, tayari kusalimia. Akamwona. Akakirudisha kichwa chake kimyakimya.

Nikakaa kizingitini. Nilikuwa na maneno ya kumkemea, mengi tu. Yule mwanamke akapita mbele yangu, bega limeshuka, akaenda, akarudi. Jua lilikuwa kali, na mimi nikawa naomba ule mkoba usikauke.