Kadi ya Bibi Iliyowekwa Makumbusho

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu wilayani Ngara. Naishi na mama na bibi mzaa mama. Si mwongeaji, napenda vitabu tu, ndiyo maana haya sijamwambia mtu.

Muhula huu tulipata mwalimu wa mazoezi wa Historia kutoka chuo. Alikuwa anatengeneza makumbusho ya mtandaoni ya kufundishia. Ukiyafungua kwenye simu unaona vyumba. Ukigusa picha ya kitu, unamsikia mwenyewe akikieleza. Akatuambia kila mtu atafute kitu cha zamani cha kwao. Wenzangu walileta vibuyu na majembe. Mimi nilitaka changu kiwe cha pekee.

Bibi ana kadi ya mgao wa chakula ya kambi ya wakimbizi ya Lukole, ameifunga nailoni ndani ya Biblia yake ya Kirundi. Nilipomwomba alisema, "Mupige picha, lakini kadi yenyewe isitoke humu ndani." Mwalimu akaja Jumamosi, akamrekodi. Bibi akawataja watu sita wa kadi ile, wakiwemo mama, aliyekuja akiwa mgongoni, na watoto wawili wa bibi waliofia kambini. Mama alikuwa mnadani. Nilijua hapendi yasemwe, maana nje tunajulikana kuwa Wahangaza, wenyeji wa hapa Ngara. Sikumsubiri. Maelezo niliandika mwenyewe: "Kadi ya bibi yangu, mkimbizi kutoka Burundi."

Mwalimu alinisifu mbele ya darasa, akaituma rekodi ile kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Kesho yake, kwenye foleni ya makande, mvulana mmoja akapaza sauti, "Jamani, mpisheni! Huyu ana kadi ya mgao!" Walicheka mpaka wapishi wakacheka. Nilirudisha sahani.

Hayo ningevumilia. Lakini mama alikuwa ameomba kitambulisho cha taifa, na kwenye fomu alijaza kwamba amezaliwa Ntobeye, hapa hapa Ngara. Mtendaji wa kijiji, ambaye naye yumo kwenye kundi lile la wazazi, akamwita: "Mama, mbona mtandaoni bibi anasema ulikuja ukiwa mgongoni?" Ametutaka sote watatu Jumatatu, pamoja na kadi. Nimemwandikia mwalimu, ambaye amesharudi chuoni. Anasema anaweza kuifuta, ila Mtendaji ameshaihifadhi kwenye simu yake.

Mama hakunipiga. Bora angenipiga. Alisema, "Utasema kadi uliiokota shambani kule Lukole, na bibi yako alikuwa anaigiza kwa ajili ya somo lenu. Wakitufukuza tunakwenda wapi? Kule Burundi sijui hata njia ya kufika kwetu."

Bibi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Sema hivyo, mwana wanje, mwanangu, umuokoe mama yako. Ila mimi mtu akiniuliza ya zamani, namuonyesha hapo kwenye kadi: watu sita. Ukisema kadi si yangu, nani atajua tulikuwa sita?"

Tangu siku hiyo nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kisha anageukia ukutani. Biblia ameihamishia chini ya mto wake.

Ndugu zangu mnaosoma, leo ni Jumamosi. Nikisema kweli, naweza kumfukuzisha mama. Nikisema uongo, nawafuta watoto wa bibi, na ni mimi niliyewatoa walikokuwa wamefichwa salama. Mwenye watoto, au aliyewahi kupita haya, anisaidie kabla ya Jumatatu: wakiniuliza kadi hii ni ya nani, nijibu nini?