Mkasi Unaolala Kwangu

Mpwa wangu ni fundi cherehani, na mkasi wake mkubwa unalala chumbani kwangu. Zamani fundi hakutenganishwa na mkasi wake. Siku hizi watu wanavaa nguo za kiwandani, zilizoshonwa kwa ajili ya kila mtu, yaani si kwa ajili ya mtu yeyote, na fundi aliyebaki anapewa masharti na daktari.

Mpwa wangu ana ugonjwa unaompandisha hisia hata usingizi ukawa adui, kisha unamtupa kitandani asitake hata kuoga. Mwaka juzi hisia zilipompanda, alikata vitambaa vya wateja wote kwa mtindo aliojibunia. Nusura duka lifungwe. Tangu hapo anameza dawa na chai ya asubuhi, jua likizama anafunika cherehani, na nguo mpya huichora kwa chaki, akalale kwanza, ndipo aikate; sharti hilo amejiwekea mwenyewe. Mkasi nautunza mimi kwa sababu, anasema, ubishi wangu hauna mfano.

Jana jioni aliingia akiimba, mikononi hariri ya bibi harusi, ambayo madukani imekwisha.

"Mjomba, mkasi."

"Umechora lini?"

"Sasa hivi! Njoo uone mikono ya gauni, utalia."

"Sheria ni yako, mwanangu."

"Kwa hiyo nikifurahi tu, nimeugua? Mbona wewe unanuna kutwa na hupelekwi hospitali?"

Macho yake yalikuwa yanameta, lakini ya marehemu mama yake nayo yalimeta vilevile, na hakuna aliyemwita mgonjwa. Zamani kicheko kilikuwa kicheko. Sasa nakinusa kama maziwa ya juzi.

"Usiku ulilala?"

"Nililala. Kidogo."

Hilo "kidogo" ndilo lililonikalisha juu ya sanduku la mkasi.

"King'ang'anizi wewe! Utazikwa nao!"

"Basi mchimbe kaburi pana."

Alicheka, akalia, akaondoka bila kuaga.

Leo asubuhi amerudi kimya, macho yamevimba. Tumetandaza hariri mezani. Ameitazama sana, kisha akachukua brashi akafuta chaki ya kiuno chote na pindo lote. Mikono ya gauni hakuigusa.

"Hii mizuri kweli," amesema, kama anayemsifu mtu mwingine.

"Sasa jana ulikuwa mgonjwa au mzima?"

"Sijui, mjomba. Lete mkasi."

Nimempa. Nimesimama pale pale nikiutazama unavyofuata chaki, nisijue jana nilimzuilia maradhi au furaha yake.