Mwanamke Aliyejua Kutulia

Mume wangu alikuwa mpiga picha pale Kasongo, wakati wa Wabelgiji, na mimi nilikuwa na wivu. Nalisema hili mapema usije ukadhani nilikuwa mke mpole aliyekaa akisubiri baiskeli irudi. Nilionea wivu barabara, nilionea wivu milima, na kila mtu aliyesimama mbele ya lile sanduku lake la miguu mitatu. Wifi yangu alinitania kwamba nimeolewa pamoja na milima ya Kabambare, na kwamba mke mkubwa ni yeye huyo mlima, mimi ni mdogo. Nilicheka, lakini sikupenda.

Kazi ilitoka kwa bwana mkubwa wa teritware, Mbelgiji aliyetawala wilaya yetu. Alitaka picha za mandhari ya pande zetu, za mahali ambapo magari hayafiki na hakuna anayekwenda kutazama chochote. Mume wangu alipewa karatasi ya ruhusa ya kutembea, akapanga vioo vyake vya kunasia picha ndani ya sanduku lenye pamba, akaenda. Ile karatasi ilikuwa na jina moja tu, lake. Mimi nilikuwa sijavuka Nyangwe, na huko nilikwenda kwa msiba.

Kwa hiyo milima niliiona kwenye beseni. Mume wangu alisafisha vioo katika chumba kisicho na dirisha, kisha akaniletea nivirekebishe, kwa sababu nilishona kofia tangu utotoni na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Kwa penseli nyembamba niliziba matundu ya vumbi, na kwa kijembe kidogo nilikwangua yaliyozidi. Kwenye kioo mambo yote yamegeuka. Mbingu ni nyeusi, meno ni meusi, na sisi wote tunakuwa Wazungu. Niliwazoea watu hivyo, hata jirani zangu niliweza kuwatambua kwa weupe wao.

Safari ya Lusangi alirudi na vioo vitatu: kilima, kivuko cha mto, na njia inayopita katikati ya michikichi. Katika vyote vitatu kulikuwa na mwanamke mmoja, mdogo kama punje ya mchele, amesimama wima.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni kipimo," akasema. "Mulima bila mutu haujulikani ukubwa wake."

"Na kivuko?"

"Kivuko vilevile."

"Lusangi nzima iko na kipimo kimoja?"

Alicheka. Kisha akaongeza, "Yule mama anajua kutulia. Ninahesabu mpaka nane, hata kope haichezi."

Sasa elewa kilichoniuma. Mimi sijui kutulia, sijawahi kujua. Picha yangu ilikuwa moja tu, ya siku ya harusi. Ndani yake mume wangu anaonekana mpaka vifungo vya koti, na kando yake kuna gauni lenye moshi juu ya shingo. Moshi huo ndio mimi. Kuna mtu alicheka nyuma yetu, nikageuka kumtazama, basi. Tangu hapo kila nilipomwomba anipige nyingine alinijibu, "Wewe hautulii, tutapoteza kioo bure." Miaka yote hiyo nilidhani hakuna binadamu anayeweza kumridhisha. Kumbe yuko, anakaa Lusangi.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Kabambare, na barabara ya Kabambare inapita kulekule. Kati ya vioo vya milima na mabonde nikakuta kioo kimoja kisicho na mlima wala bonde. Alikuwa yeye, sasa kwa karibu, kuanzia kiunoni, mikono imekunjwa mbele ya kitambaa alichojifunga.

"Aliniomba yake mwenyewe," mume wangu akasema. "Alisimama kwa jua mara tatu kwa ajili yangu, nitamunyima namna gani? Nitamupelekea nikirudi kule."

Akatoka kwenda kuoga. Niliegemeza kioo dirishani nikakitazama. Hata akiwa amegeuzwa hivyo, nyusi nyeupe na uso mweupe, niliona kwamba ni mzuri. Macho yake yalitazama mbele kabisa. Yalimtazama nani? Yalimtazama mume wangu, kwa hesabu nane, bila kupepesa. Nikachukua kijembe. Nilianza na macho, nikaja kwenye pua, nikamaliza na mdomo, mpaka mahali pa uso pakabaki kioo kitupu. Mikono yake niliiacha. Mpaka leo sijui kwa nini.

Nilimwambia kimekwaruzika ndani ya maji. Alikiinua kwenye mwanga, akakitazama, akakitazama na kijembe mezani, kisha akakirudisha sandukuni. Afadhali angegomba.

Mvua zikaanza, karatasi ya ruhusa ikachelewa, hakwenda tena. Asubuhi moja akaja mama mmoja wa makamo, miguu imejaa matope, na furushi la karanga kichwani. Alikuwa ametembea siku tatu.

"Niko mama ya yule mwanamuke wa Lusangi," akasema. "Mutoto wangu alikufa mwanzo wa mvua. Bwana alisema atamuletea foto yake. Hakukuja. Nimekuja kuchukua uso wake."

Alinikabidhi zile karanga, nikazipokea. Mume wangu akasema, "Mama, unisamehe. Kile kioo niliharibu mimi. Mukono uliteleza." Hakunitazama. Nilitamani anitazame.

Mama akasema aitoe picha hivyohivyo. Mume wangu alibana kioo na karatasi ya kutolea picha ndani ya fremu, akaiweka juani juu ya ukuta, tukakaa watatu kungoja. Nadhani alitaka kumfariji, akaanza kumsifu marehemu, kwamba tangu aanze kazi hajaona mtu anayejua kutulia kama yeye.

"Ilikuwa ugonjwa ya kifua," mama akasema. "Kulima hakuweza. Kutwanga hakuweza. Akitoka mutoni anapumuzika mara tatu. Kusimama tu ndiyo aliweza. Alifurahi sana siku ile, akaniambia, mama, nimepata kazi."

Nilizitazama karanga mapajani mwangu.

Picha ikatoka. Mahali pa uso palikuwa peusi kama chini ya chungu, na pembeni ilionekana mistari ya kijembe. Mama aliishika kwa muda mrefu, kidole chake kikashuka polepole mpaka kwenye ile mikono iliyokunjwa, kikabaki hapo. "Mikono ni yake," akasema, akaifunga picha ndani ya kitambaa.

Nilimsindikiza kwenye barabara ya Kabambare. Tulipofika nyumba za mwisho nikamwambia, "Mama, hakuteleza yeye. Ni mimi."

Hakusimama. "Nilijua," akasema. "Nilihesabu ile mistari. Haikukuwa ya kuteleza." Tukaenda hatua chache zaidi, ndipo akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. "Alikukosea nini?"

Alingoja kidogo, kisha akaendelea na njia yake.

Mvua zilipoisha mume wangu alibakiwa na kioo kimoja ambacho hakijatumika. Aliweka kiti mbele ya ukuta wetu, akaniita nikae. Sikumwomba. Nikakaa, naye akaanza kuhesabu. Watu walipita barabarani wakicheka, sikugeuka. Niliifikiria ile mikono, na lile swali, mpaka akafika nane.

"Leo umetulia," akasema. Ndiyo maneno niliyoyataka miaka yote.

Picha hiyo ninayo, imetundikwa sebuleni. Wageni wakiiona huniambia nilitoka vizuri sana, uso wangu wote unaonekana.