Mama Alivyosimama Mbele ya Petroli

Sehemu kubwa ya maisha yake, mama yangu aliuza chai na chapati pale Malaba, kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kuingia Uganda. Mimi ni mwalimu huku Mundika, na shule zikifungwa nilikuwa naenda kumsaidia. Ndiyo maana nilikuwepo asubuhi ile lori la petroli lilipopinduka karibu na vibanda vyetu.

Dereva alitolewa kupitia dirishani, mkono umevunjika. Hatujamkalisha vizuri, nikaona petroli inatiririka mtaroni na watu wanakuja mbio na mitungi, ndoo, hata sufuria. Walikuwa wanacheka, kama watu wanaokwenda harusini.

Mama hakupiga kelele. Aliinua sufuria nzima ya chai, akaimwaga kwenye jiko lake.

"Nenda kila kibanda," akaniambia. "Waambie wazime moto. Usimbembeleze mtu."

Nilikimbia. Niliporudi nilimkuta amesimama kati ya mtaro na ule umati, leso ameikaza kiunoni, mikono ameitandaza. Mwanamke mfupi, mvi zimejaa kichwani, peke yake.

"Mama, kwani hayo mafuta ni yako?" akauliza kijana mmoja wa boda boda.

"Si yangu. Na wewe sikukuzaa, lakini sitaki kwenda kumwambia mamako nilikuangalia tu ukiungua. Zima hiyo pikipiki."

Wengine walimcheka. Mmoja alimwita mchawi. Mwingine alimsukuma, akayumba, kisha akarudi palepale alipokuwa. Hapo nikaenda kusimama kando yake. Akaja mama anayeuza ndizi, wakaja madereva wawili, tukashikana mikono. Yule kijana alituangalia kwa muda, akazima pikipiki, akaikokota kurudi nyuma. Tulisimama hivyo mpaka polisi wakafika, na baadaye zimamoto wakaifunika petroli yote kwa povu.

Moto haukuwaka. Kwa siku nyingi watu walimtania sokoni kwamba aliwanyima riziki bure. Yeye hakujitetea. Mimi ndiye niliyeumia, na siku moja nikamwambia afadhali ingeruka hata cheche moja, wajue alichowafanyia.

Alinikazia macho. "Usiseme hivyo tena. Kwani mpaka mtu aungue ndiyo ionekane nilifanya vizuri?"

Kisha nikamuuliza kama aliogopa.

"Sana. Miguu ilikuwa inatetemeka, wewe hukuiona tu kwa sababu ya leso. Lakini kufa nitakufa, hata nikijificha mbali kule Nambale. Sasa nikikaa niangalie watoto wa watu wakiisha, hiyo miaka nitakayobaki nayo nitaiishi vipi?"

Aliyasema hayo huku anakanda unga, bila kuinua sauti, kisha akanituma maji.

Miaka michache baadaye aliugua, akafariki nyumbani, akiwa mtulivu kama mtu aliyemaliza kazi zake. Kwenye mazishi mchungaji aliuliza nani wa kwanza kumzungumzia. Niliinuka kabla ya wajomba zangu, jambo ambalo kwetu mtu halifanyi. Nikawaeleza habari ya asubuhi ile, kila kitu, na sauti haikunikatika hata kidogo. Nilitaka wote walioketi pale wajue ni nani aliyenizaa.